Rumanyika I Orugundu

Rumanyika I Orugundu alikuwa Omukama, yaani mfalme, wa Karagwe, ufalme wa kale uliokuwa magharibi mwa Ziwa Viktoria, katika eneo ambalo leo ni wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoa wa Kagera, Tanzania. Alitawala kuanzia miaka ya 1850 hadi karibu na mwaka 1880. Katika vitabu vya wasafiri wa Ulaya jina lake huandikwa Rumanika. Anajulikana hasa kwa kuwapokea John Hanning Speke na James Augustus Grant mwaka 1861, na Henry Morton Stanley mwaka 1876. Kupitia kwake wageni hao waliiona milima ya volkeno ya Mfumbiro kwa mbali, na Stanley alifika kwenye chemchemi za maji moto za Mtagata.

Asili na ukoo

Rumanyika alizaliwa katika ukoo wa Bahinda, ambao kwa masimulizi ya wenyeji ulianzishwa na Ruhinda, mtu anayetajwa pia kama babu wa watawala wa falme kadhaa jirani. Baba yake alikuwa Ndagara. Raia wake waliitwa Abanyambo na lugha yao ni Kinyambo. Wengi walikuwa wakulima wa ndizi, mtama na maharage, na wengine wafugaji wa ng'ombe wenye pembe ndefu. Mfalme alihesabiwa kuwa mkuu wa ng'ombe wote na pia mkuu wa chuma.

Hilo la pili linahitaji maelezo. Katika Karagwe uhunzi haukuwa kazi ya kutengeneza majembe na mikuki tu, bali pia alama ya uwezo wa kuzalisha, na mtawala alipaswa kuonekana kama mhunzi. Ndagara hasa anakumbukwa kwa sababu hiyo. Ikulu ya Bweranyange ilihifadhi nyundo, fuawe, mikuki na sanamu za ng'ombe za chuma, pamoja na vitu vya shaba. Hazina hiyo ilirithiwa na Rumanyika, naye aliitunza na kuwaonyesha wageni wachache aliowaamini. Chuma chenyewe kilitoka katika mawe mekundu ya vilima vya nchi yake.

Kugombea kiti

Ndagara alipofariki, watoto wake waligombea kiti. Rumanyika mwenyewe alimsimulia Speke jinsi alivyochaguliwa. Ngoma ndogo iliwekwa mbele ya wagombea, nayo ikiwa imejazwa dawa ilikuwa nzito kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuiinua isipokuwa mrithi wa kweli. Ndugu zake walishindwa, naye akaiinua kwa kidole kidogo. Kulikuwa na jaribio lingine pia: mgombea aliketishwa mahali maalumu, na kama alikuwa mrithi halali ardhi chini yake iliinuka kama mnara hadi juu angani, kisha ikamshusha taratibu. Kama hakuwa halali, ardhi ingeporomoka na kumtupa chini. Ni hadithi ya kifalme, lakini inaonyesha vizuri jinsi watu wa Karagwe walivyofikiri: ardhi ndiyo iliyomkubali mfalme au kumkataa.

Nje ya hadithi mambo yalikuwa magumu zaidi. Ndugu yake Rogero hakukubali kushindwa na akaanzisha vita. Rumanyika alisaidiwa na wafanyabiashara wa pwani, hasa Musa Mzuri, tajiri mwenye asili ya Kihindi aliyekuwa na makao Kazeh, karibu na Tabora ya leo. Kwa maelezo yaliyoandikwa baadaye, Musa alitumia pembe za ndovu kupata msaada wa Kabaka Suna II wa Buganda, na jeshi la Buganda likamfukuza Rogero. Hivyo Rumanyika aliingia madarakani akiwa na deni kwa pande mbili: kwa watu wa pwani na kwa Buganda. Siasa yake yote iliyofuata ilikuwa ni kulilipa deni hilo bila kuiuza nchi. Rogero alibaki hai, na hata mwaka 1861 Rumanyika alimwomba Speke atumie uganga wa Kizungu kumwua. Speke alikataa.

Kituo cha biashara cha Kafuro

Karagwe ilikuwa njiani kati ya Unyanyembe na Buganda. Misafara ilileta nguo, shanga, waya wa shaba na bunduki, ikarudi na pembe za ndovu. Waarabu na Waswahili walijenga kituo chao Kafuro, mwendo mfupi kutoka ikulu. Rumanyika aliwaruhusu kukaa, kuoa na kulima, lakini kituo kilibaki chini ya macho yake. Ahmed bin Ibrahim, mmoja wa wafanyabiashara hao, alikaa huko miaka mingi na ndiye aliyempokea Stanley.

Kuhusu kwenda Buganda, Rumanyika alikuwa na utaratibu wake: mgeni alisubiri Karagwe mpaka taarifa zipelekwe kwa Kabaka na jibu lirudi. Kwa njia hiyo Kabaka alipata heshima yake, na Rumanyika alipata muda wa kumchunguza mgeni.

Speke na Grant

Speke na Grant walifika kwa Rumanyika tarehe 25 Novemba 1861. Walikuwa wamesumbuliwa njia nzima na watemi waliodai hongo kubwa, na kwa hiyo upole wa mfalme huyu uliwashangaza. Maelezo yao yanamchora kama mtu mrefu, mtulivu, mwenye kuuliza maswali mengi kuhusu jua, nyota, nchi za mbali na namna serikali za kigeni zinavyoendeshwa. Kila mwezi mwandamo ngoma zilipangwa mbele yake na wakuu wakaapa utii upya.

Chini ya ikulu kulikuwa na ziwa dogo ambalo wageni hao waliliita Windermere, kwa kufananisha na ziwa la kwao Uingereza. Kutoka huko Speke aliletewa nzohe, swala wa kwenye matete, ambaye hadi leo jina lake la kisayansi ni Tragelaphus spekii. Aliwinda pia vifaru katika vilima vya jirani. Wasomaji wa Ulaya walivutiwa zaidi na habari za wake wa ukoo wa kifalme walionenepeshwa kwa maziwa, na ni kasoro ya vitabu vya wakati ule kwamba habari hizo zilienea kuliko zile za hazina ya chuma.

Kuna jambo lililoacha madhara makubwa. Speke alikuwa na nadharia kwamba watawala wafugaji wa eneo hilo walitoka Ethiopia na walikuwa wa jamii tofauti na raia wao. Alimweleza Rumanyika nadharia hiyo, naye akaisikiliza kwa hamu. Nadharia hiyo haikuwa na ushahidi, lakini ilichapishwa, ikakuzwa na waandishi wengine, na katika karne ya 20 ikatumiwa kuwagawa watu wa Rwanda na Burundi.

Ni katika Karagwe pia Speke aliona upande wa magharibi vilele vyenye umbo la pia vikisimama juu ya upeo wa macho. Wenyeji waliviita Mfumbiro. Alikadiria urefu wa futi 10,000 hivi, pungufu sana, kwa kuwa kilele kirefu zaidi cha safu hiyo, Karisimbi, kina mita 4,507. Leo safu hiyo huitwa Virunga, na volkeno zake mbili, Nyiragongo na Nyamulagira, bado ziko hai.

Speke aliondoka kwenda Buganda Januari 1862. Grant alikuwa na uvimbe mbaya mguuni na hakuweza kutembea. Alibaki kwa Rumanyika hadi Aprili, akitibiwa kwa dawa za kienyeji, akikusanya mimea na kuchora. Mfalme alimtembelea mara kwa mara.

Stanley na maji moto ya Mtagata

Stanley alifika mwishoni mwa Februari 1876 na kukaa karibu mwezi mzima. Alikuwa na mashua yake iliyobebwa vipandevipande, Lady Alice, na katika ziwa dogo mashua hiyo ilishindanishwa na mitumbwi ya mfalme. Rumanyika, ambaye sasa alikuwa mzee, alimruhusu kuupima Mto Kagera na pia kutembelea Mtagata, kaskazini mwa ikulu, katika eneo ambalo sasa ni wilaya ya Kyerwa.

Jina Mtagata linatokana na kitenzi cha lugha za huko chenye maana ya kuwa na joto au uvuguvugu. Chemchemi ziko katika bonde jembamba lenye msitu mzito chini ya kilima cha mawe. Stanley alikuta wagonjwa kutoka sehemu mbalimbali wamepiga kambi, wakioga na kunywa maji hayo kwa ajili ya maradhi ya ngozi na ya viungo. Maji yenye joto kali zaidi yalitoka kwenye shina la mwamba, na kipimajoto chake kilionyesha zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi. Mengine, yaliyochemka kupitia tope, yalikuwa na joto la chini zaidi na ndiyo yaliyopendwa na waogaji. Stanley alioga pia, akajaza chupa kwa ajili ya uchunguzi, ingawa mwenyewe hakuwa na sifa nyingi za kutoa kuhusu nguvu ya uponyaji wa maji hayo.

Ni rahisi kudhani kwamba maji ya Mtagata yanachemshwa na volkeno, hasa kwa kuwa Mfumbiro huonekana kutoka vilima vya Karagwe. Sivyo. Virunga iko zaidi ya kilomita 100 upande wa magharibi, na mawe ya Karagwe na Kyerwa kwa sehemu kubwa si ya volkeno. Ni matope na mchanga wa kale uliogandamana kuwa miamba zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, pamoja na itale iliyopenya kutoka chini. Mahali kama hapo maji ya mvua huzama kwenye nyufa za miamba, hufika kina kirefu ambako dunia ina joto, kisha hupanda tena kwa njia ya ufa mwingine. Ndiyo sababu chemchemi nyingi za aina hii hutokea chini ya kilima, mahali mwamba ulipopasuka.

Maji hayo hayapiti bure. Maji baridi huyeyusha jiwe polepole sana, lakini maji ya moto hufanya kazi hiyo haraka zaidi, na yakiwa na gesi zenye asidi huzidi. Madini yanayoitwa feldspari, ambayo ni sehemu kubwa ya itale na pia ya mawe mengi ya volkeno, hupoteza sodiamu, potasiamu na kalisi zake na kugeuka udongo mfinyanzi. Kwatsi, ile sehemu ngumu inayong'aa kama kioo, hubaki. Jiwe linaweza kuonekana bado lina umbo lake, lakini ukilipiga kwa nyundo halitoi mlio. Huingia ndani au humomonyoka mkononi.

Katika volkeno athari hii ni kubwa zaidi. Lava na majivu yaliyoganda vina vitundu vingi vya kupitisha maji, na vina madini na kioo cha asili ambavyo havistahimili joto lenye unyevu. Chini kuna gesi za salfa zinazofanya maji kuwa asidi. Kwa miaka mingi moyo wa mlima hulainika wakati ngozi yake ya nje ingali ngumu. Zaidi ya hayo, udongo mfinyanzi uliotokea huziba njia za maji, na maji yaliyonaswa ndani husukuma mawe kutoka pande zote. Mlima wenye mteremko mkali unaweza basi kuporomoka ubavu mzima hata bila lava kutoka. Mlima Rainier huko Marekani uliporomoka namna hiyo miaka 5,600 hivi iliyopita, na tope lake, lililojaa udongo mfinyanzi, lilifika umbali wa makumi ya kilomita. Si kila mara maji moto hudhoofisha jiwe: mahali yanapopoa yanaweza kuacha silika ndani ya nyufa na kulifanya jiwe kuwa gumu kuliko mwanzo. Kwa hiyo kilima kimoja huweza kuwa na mwamba mgumu na mwamba uliooza, hatua chache kutoka kimoja hadi kingine.

Katika nchi ya Rumanyika kazi ya maji moto ya zamani zaidi iko chini ya ardhi. Karibu miaka bilioni moja iliyopita itale iliyokuwa ikipoa ilitoa maji ya moto yenye madini ya bati. Maji hayo yalipenya kwenye nyufa, yakaacha kasiteriti pamoja na mishipa ya kwatsi, na kuigeuza itale ya pembeni kuwa mchanganyiko wa ulanga, kwatsi na udongo mweupe. Bati hilo lilianza kuchimbwa Kyerwa wakati wa utawala wa Waingereza, na wachimbaji wadogo wanaendelea hadi sasa. Ulaini wa mwamba huo ni faida na hatari kwa pamoja. Mchimbaji huweza kufuata mshipa kwa sururu na jembe bila baruti, lakini kuta za shimo hazijishikilii zenyewe, na msimu wa mvua udongo ule hunywa maji na kuanguka. Rumanyika hakuchimba bati hilo. Shaba na chuma ndivyo vilivyojaza hazina yake.

Stanley aliingizwa katika hazina hiyo kabla ya kuondoka. Aliona sanamu za ndege na ng'ombe za shaba na chuma, mikuki ya sherehe na ngoma. Aliondoka Karagwe mwishoni mwa Machi 1876.

Kifo na mambo yaliyofuata

Rumanyika alifariki karibu na mwaka 1880. Amani aliyoilinda kwa zaidi ya miaka 20 haikudumu. Mwanawe Kyensi alitawala kwa miezi michache tu, kisha ndugu wakauana. Kakoko, mwana mwingine wa Rumanyika, alichukua madaraka kwa ukatili na kuwaangamiza wengi wa ukoo wake. Stanley alipopita tena mwaka 1889, akiwa na Emin Pasha katika safari ya kwenda pwani, alikuta kijana mdogo wa ukoo huo kwenye kiti na nchi imedhoofika.

Si haki kuwalaumu wana wa Rumanyika peke yao. Utaratibu wa Rumanyika ulitegemea sana mtu mmoja anayejua lini kumzuia mgeni na lini kumruhusu, na haukuwa na njia ya uhakika ya kurithishana madaraka zaidi ya ile ngoma. Vita alivyopigana mwenyewe na Rogero vilikuwa onyo ambalo hakulifanyia kazi. Miaka ya 1890 tauni ya ng'ombe iliua mifugo iliyokuwa msingi wa heshima ya Bahinda, na Wajerumani, waliojenga kituo chao Bukoba mwaka 1890, waliwapendelea watawala wengine wa mkoa. Karagwe haikurudi tena kuwa mlango wa Buganda.

Ukoo uliendelea kuwa na cheo chini ya Wajerumani na Waingereza. Mamlaka ya machifu yalifutwa Tanganyika baada ya uhuru, mwaka 1963. Historia ya ufalme huo iliandikwa kwa kina na Israel Katoke, mwanahistoria Mtanzania, katika kitabu kilichotoka mwaka 1975.

Jina la Rumanyika Orugundu lilipewa pori la akiba lililoko Karagwe na Kyerwa, ambalo mwaka 2019 lilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe. Mwaka huohuo pori la Ibanda, lililopo pembeni ya Mto Kagera, likawa Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa. Vifaru aliowawinda Speke hawapo tena. Bweranyange sasa ni kata ya wilaya ya Karagwe, na Mtagata imebaki upande wa Kyerwa tangu wilaya hizo zilipogawanywa mwaka 2012. Watu bado huenda huko kuoga.